Maswali ya Wasomaji: Indiketa za Mercedes ya Zamani Zinapogoma

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Tanga, na ninaendesha Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1990 ambayo marehemu mume wangu aliitunza vizuri sana. Tangu mwaka jana indiketa zimekuwa zikinisumbua. Asubuhi zinafanya kazi, lakini mara nyingi nikifika mjini zinakufa zote mbili, ya kushoto na ya kulia, bila hata mshale kuonekana kwenye dashibodi. Cha ajabu ni kwamba taa za hazadi, zile za tahadhari zinazopepesa zote kwa pamoja, hazijawahi kukataa, na nikibonyeza kitufe cha hazadi mara nne au tano indiketa hurudi, zikafanya kazi siku hiyo au hata juma zima. Gereji niliyopeleka gari walibadilisha balbu zote, kisha wakaniuzia relei, yaani kifaa kinachozipepesa taa, kwa bei kubwa, lakini tatizo liko palepale. Sasa wananiambia nyaya zote za gari zimechoka na zinahitaji kufumuliwa. Je, ni kweli?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa gharama ambazo hazikukuletea nafuu yoyote. Usikubali nyaya zifumuliwe. Katika barua yako umetaja mambo mawili ambayo yanatosha kuonyesha mahali ugonjwa ulipo, yaani kwamba hazadi hazijawahi kukataa, na kwamba kukibonyeza kitufe chake hurudisha indiketa. Yeyote aliyeyasikia maelezo hayo kabla ya kushika spana hakuwa na sababu ya kukuuzia relei.

Gari lako ni la umbo la W124, ambalo Mercedes-Benz walilizindua mwishoni mwa mwaka 1984 na kuanza kuliuza mapema mwaka 1985. Kama ilivyokuwa katika magari mengi ya Kijerumani ya enzi hizo, mfumo wake wa indiketa hupokea umeme kwa njia mbili. Njia ya kwanza hutoka moja kwa moja kwenye betri na haitegemei ufunguo, na hiyo ndiyo inayoziwezesha hazadi kuwaka hata gari likiwa limefungwa. Njia ya pili hupita kwenye swichi ya ufunguo, na ndiyo ya indiketa za kawaida. Njia zote mbili huingia kwenye swichi ya hazadi. Kitufe kinapokuwa kimezimwa, chuma kidogo kilichomo ndani yake huunganisha umeme wa ufunguo na relei inayopepesa taa, na kinapobonyezwa, chuma hicho huukata umeme wa ufunguo, huuleta ule wa betri, na wakati huohuo huziunganisha taa za kushoto na za kulia ili ziwake pamoja. Maana yake ni kwamba kila unapoonyesha unakata kona, umeme unapita ndani ya kitufe ambacho hujakigusa.

Hapo ndipo penye tatizo lako. Kitufe cha hazadi kinaweza kukaa miezi mingi bila kubonyezwa, na kwa muda wote huo chuma kinachopitisha umeme wa indiketa hugusana mahali palepale, katika joto la dashibodi na unyevu wa pwani, hadi uso wake unafanya utando mweusi usiopitisha umeme vizuri. Mguso mbovu wa namna hiyo hupata joto unapopitisha umeme, na joto hilo huzidi kuuharibu, ndiyo maana asubuhi indiketa zinakubali na baadaye zinagoma. Unapokibonyeza mara kadhaa, vyuma vinasuguana, utando unakwanguka kidogo, na indiketa zinapata ahueni ya siku moja au juma zima.

Hazadi zinakuambia jambo jingine pia. Zinapowaka zote nne, ni ushahidi kwamba balbu ni nzima, soketi zake ni nzima, nyaya za kwenda mbele na nyuma ni nzima, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye mwili wa gari) inashika, na sehemu ya relei inayopepesa inafanya kazi, kwa sababu vitu hivyo vyote hutumiwa na hazadi na indiketa kwa pamoja. Vinavyozitofautisha ni vitu vichache tu: fyuzi inayolinda umeme wa ufunguo, mguso ule wa ndani ya swichi ya hazadi, na mkono wa indiketa ulio kwenye shingo ya usukani. Kwa hiyo siku indiketa zitakapokufa tena, simama mahali salama, washa hazadi hapohapo, na uangalie. Zikiwaka sawasawa wakati indiketa zimekufa, relei haina kosa, wala balbu hazina kosa, na mtu yeyote asikuuzie tena.

Kabla ya kuigusa swichi yenyewe, mwambie fundi aanze na fyuzi, kwa kuwa ni kazi ndogo isiyo na gharama. W124 haitumii fyuzi bapa za kuchomeka ambazo tumezoea kuziona kwenye magari ya Kijapani. Inatumia zile za umbo la kipipa zenye ncha mbili, zinazobanwa kati ya vyuma viwili vya springi, ambapo nyeupe ni ya ampea 8, nyekundu ni ya ampea 16, na ya buluu ni ya ampea 25. Fyuzi hizi zina tabia ya kuonekana nzima kabisa huku zikikataa kupitisha umeme, kwa sababu ncha zake zimeota kutu jeupe pale zinapogusana na springi, na zaidi zile ambazo utepe wake ni wa aluminiamu. Zima gari, zungusha kila fyuzi kwa kidole mahali pake, kisha itoe ile inayohusika na indiketa, ambayo utaipata kwenye karatasi ya maelezo ya sanduku la fyuzi, sugua springi zake kwa msasa laini sana, na uweke fyuzi mpya ya utepe wa shaba yenye ampea zilezile. Asitokee mtu akaweka ya ampea kubwa zaidi eti ili isiungue, kwa maana siku shoti ikitokea kitakachoungua ni waya.

Kama baada ya hapo tatizo linaendelea, sasa kipimo kifanyike, na hapa ninaomba fundi wako anisikilize kwa makini, kwa kuwa ndipo mahali ambapo mafundi wengi hodari hupotezwa na mita zao. Mita ya umeme ya kidijitali haivuti umeme wowote wa maana kutoka kwenye waya inaoupima. Ukiigusisha upande wa pili wa swichi mbovu, itakuonyesha volti 12 kamili, nawe utaamini kwamba swichi ni nzima. Ni sawa na bomba lililoziba kwa uchafu: koki ikiwa imefungwa, msukumo wa maji ni uleule pande zote mbili za uchafu, na kasoro inaonekana pale tu unapofungua koki na maji yanatoka kwa matone. Ndivyo ilivyo kwa umeme. Mguso uliooza hupitisha volti 12 pale ambapo hakuna kazi, na volti hizo huporomoka mara tu balbu mbili za wati 21 kila moja zinapodai umeme wao, ambao kwa pamoja ni ampea tatu na nusu hivi.

Kwa sababu hiyo, kipimo kifanyike kwa balbu. Fundi achukue soketi ya zamani yenye balbu ya wati 21, aunge waya mmoja kwenye mwili wa gari mahali pasafi, na waya wa pili aufanye ncha ya kupimia. Ufunguo ukiwa umewashwa na hazadi zimezimwa, aguse kwanza kwenye fyuzi ya indiketa: balbu iwake kwa nguvu zake zote. Kisha aguse nyuma ya swichi ya hazadi. Katika magari ya Kijerumani nyaya na swichi nyingi hufuata namba za kawaida: 15 ni umeme wa ufunguo, 30 ni umeme wa betri, 31 ni ethi, 49 ni umeme unaoingia kwenye relei ya kupepesa, na 49a ni ule unaotoka kwenye relei ukiwa tayari unapepesa. Mchoro wa nyaya wa mwaka wa gari lako utaonyesha waya gani ni upi. Balbu ikiwaka vizuri penye 15 na ikafifia au kuzimika penye 49, basi swichi imekamatwa na ushahidi, na akitaka kujiridhisha zaidi abonyeze kitufe mara kadhaa na kukirudisha, aone mwanga wa balbu ukibadilika mbele ya macho yake.

Kuitoa swichi hiyo kunahitaji subira. Iko kwenye konsoli ya katikati, na ili kuifikia bila kuivunja, kwa kawaida huanzwa kwa kutoa kisanduku cha majivu ya sigara, ndipo skrubu zinazoshika ubao zionekane. Ubao wa W124 ni utando mwembamba sana wa mbao juu ya kiini kigumu, nao baada ya miaka zaidi ya 30 huwa mkavu, hivyo ukiinuliwa kwa bisibisi unapasuka na kupata mwingine wa rangi ileile ni shida kubwa kuliko kupata swichi. Mwambie atumie kipande cha plastiki au cha mbao laini, na betri iwe imefunguliwa. Swichi inaweza kusafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso ya umeme, nami ninakubali hilo lifanyike kama njia ya kuthibitisha ugonjwa. Lakini mguso uliokwisha kuungua hausafishiki ukadumu, kwa hiyo nunua swichi mpya, au iliyotumika ambayo imepimwa kwa balbu kwa namna niliyoeleza.

Mkono wa indiketa sijausahau. Ungekuwa ndio wenye kosa, mara nyingi ungeona upande mmoja unakataa na mwingine unakubali, au taa zinarudi ukiusukuma na kuushikilia kidogo, na kubonyeza hazadi kusingeponya kitu. Nayo relei ina dalili zake. Katika W124 relei inayopepesa taa haiko peke yake, bali imo katika kisanduku kimoja kinachoendesha pia waipa na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Inapougua, mara nyingi indiketa na hazadi hulegea kwa pamoja, au waipa nazo huanza ukaidi wake. Chanzo chake kikubwa ni lehemu ya risasi iliyopasuka kuzunguka miguu ya vipande vilivyo kwenye bamba la ndani, ufa mwembamba unaoonekana kwa lenzi kama duara la kijivu. Mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuilehemu upya. Hiyo ya zamani waliyokutolea waombe wakurudishie, kwa kuwa huenda ni nzima kabisa, na kwa gari la umri huo ni akiba nzuri.

Kuhusu nyaya kuchoka, uvumi huo una asili. W124 za miaka ya mwisho, hasa kuanzia mwaka 1993 hadi 1995, zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake hukauka na kubomoka kwa joto, na wenye magari hayo walilazimika kuzibadilisha. Gari lako ni la 1990, na ugonjwa huo ni wa nyaya za injini, hauhusiani na indiketa.

Hadi utakapopata swichi, usiegemee hazadi kuonyesha kwamba unakata kona. Ninaliandika hili kwa sababu katika barabara zetu watu huwasha hazadi kwenye mvua kubwa huku gari likitembea, au kuonyesha kwamba wanakwenda moja kwa moja kwenye makutano. Dereva anayeona upande mmoja tu wa gari lako hudhani unakata kona, na aliye nyuma yako hawezi kujua kama unahama njia au umeharibikiwa.

SWALI: Hujambo mhandisi. Nina E220 ya 1994 hapa Nairobi. Nimeondoa balbu zote nne za indiketa nikaweka za LED ili zing'ae zaidi. Tangu siku hiyo zinapepesa haraka mno pande zote mbili. Muuzaji anasema nifunge rezista, rafiki yangu anasema nibadilishe relei. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Sijambo, ndugu. Usifuate wa yeyote kati yao.

Relei ya gari lako, ambalo nalo ni W124, haijaharibika, inafanya kazi iliyoundiwa. Inapima umeme unaokwenda kwenye taa za upande mmoja, na ikiona umepungua inajua kwamba balbu moja imekufa, hivyo inaongeza kasi ili dereva ajue. Kasi ya kawaida inayokubaliwa katika kanuni za kimataifa ni mipepeso 60 hadi 120 kwa dakika. Balbu ya waya ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, na LED iliyowekwa mahali pake huvuta sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kwa macho ya relei, balbu zako zote zimekufa.

Rezista inaidanganya relei kwa kuunguza umeme uleule ambao LED haikuutumia. Umeme huo hauendi popote isipokuwa kuwa joto, na rezista iliyofungwa kwenye plastiki ya taa au karibu na zulia la buti inaweza kuyayusha inachokigusa ukisimama kwenye foleni ya Thika Road huku indiketa ikiwaka kwa muda mrefu. Pia utakuwa umepoteza ile hadhari ya kasi, kwa maana LED ikifa, rezista itaendelea kuvuta na hutajua. Ama relei, katika magari ya Kijapani mtu anaweza kununua ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya LED akaichomeka. Kwako, kama nilivyomweleza Mwalimu hapo juu, kisanduku ni kimoja na waipa, na haiwezekani kukiondoa na kuweka kingine cha kazi moja.

Rudisha balbu za waya. Kwa gari lako zingatia jambo moja: katika mabadiliko ya mwaka 1993 kioo cha indiketa za mbele kilifanywa cheupe, kwa hiyo rangi ya machungwa hutoka kwenye balbu yenyewe. Inayotakiwa ni PY21W, ambayo pini zake mbili hazitazamani sawasawa, zimepindishwa makusudi ili P21W isiyo na rangi isiingie. Ukiona soketi inakataa balbu, usiilazimishe. Na kama unachotafuta ni mwanga zaidi, toa taa nzima, uioshe ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uikaushe kabisa. Vumbi la miaka 30 linapunguza mwanga kuliko balbu yoyote.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi niko Muscat na nina 300SE ya 1989. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ndogo ya nyuma kushoto nayo inawaka na kuzima pamoja nayo, na nikikanyaga breki indiketa inafifia. Upande wa kulia hauna tatizo. Nimeshabadilisha balbu.

JIBU: Wa aleikum salaam. Hiyo ni ethi ya taa ya nyuma kushoto. Balbu zote za taa hiyo hurudisha umeme kwenye mwili wa gari kwa njia moja, na njia hiyo inapooza, umeme wa indiketa hukosa pa kutokea, ukatafuta njia ya kurudi kupitia balbu jirani. Ndiyo maana taa ambayo hukuiwasha inapepesa.

Fungua buti, toa kibebeo cha balbu, na utazame tepe za chuma zilizobanwa juu ya plastiki yake. Mahali pa kutazama kwanza ni pale tepe zinapokutana na soketi ya nyaya: ukiona plastiki imegeuka kahawia au imevimba, hapo ndipo joto limekuwa likizalika. Kisha ufuate waya wa ethi, ambao katika Mercedes huwa wa kahawia, hadi unapofungwa kwenye bati, ufungue boliti yake, ukwangue bati hadi chuma king'ae, uifunge tena na kuipaka grisi juu yake. Kuhakikisha, washa indiketa, taa ndogo na breki kwa pamoja, weka mita kwenye kipimo cha volti, ncha moja kwenye ethi ya taa na nyingine kwenye mguu hasi wa betri. Kazi ikiwa nzuri utaona sehemu ndogo sana ya volti moja. Ukiona nusu volti au zaidi, bado kuna kutu njiani. Hapa mita inafaa, kwa sababu balbu zenyewe zinavuta umeme wakati unapima.

Hakikisha pia kwamba balbu mpya ni za aina sahihi. Balbu ya nyuzi mbili, ambayo pini zake hazilingani urefu, ikilazimishwa kwenye soketi ya balbu ya uzi mmoja inaweza kuunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana, nayo huleta dalili zinazofanana sana na zako.

SWALI: Fundi, niko Dodoma, gari ni 200E ya 1991. Usukani ulitolewa kurekebishwa na tangu uliporudishwa indiketa hazijirudishi zenyewe baada ya kona. Taa zinawaka vizuri.

JIBU: Kwa kuwa kosa lilianza siku usukani ulipotolewa, umeme uachwe. Kinachorudisha mkono wa indiketa ni kijino kinachozunguka pamoja na usukani na kuusukuma mkono unaponyoosha gari. Ama usukani umerudishwa bila kijino hicho kukaa mahali pake, ama ulimi wa plastiki wa kwenye swichi umevunjika wakati wa kazi. Rudi kwa aliyeifanya aufungue tena, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka kabisa. Kama usukani wako una mfuko wa hewa, betri ifunguliwe kwanza na isubiriwe kabla ya kugusa skrubu yoyote, na kazi hiyo ifanywe na mtu aliyewahi kuifanya.